Uyoga wa mamama Dodoma: dalili za joto lisilotulia bandani na namna ya kuzitibu

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, haina bahari wala ziwa kubwa jirani la kuituliza hewa, na mvua yake inakuja msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Kwa mwenye mifuko ya uyoga kwenye chumba cha uani, hapo ndipo shida inapoanzia. Oktoba na Novemba mchana unafika nyuzi joto 31 na kupita. Juni na Julai alfajiri inashuka hadi 13 au 14. Mamama (uyoga wa oyster) wanavumilia joto kiasi na wanavumilia baridi kiasi. Kinachowachosha ni kuvutwa huku na huku kila siku, tena kwenye hewa kavu. Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu unafaa zaidi Dar es Salaam, ambako usiku na mchana havipishani sana na hewa ina unyevu wake. Ukiuchukua ulivyo ukaja nao Nzuguni au Mkonze, utapata dalili ambazo mwongozo haukuzitaja.

Malengo yenyewe si magumu kukumbuka. Chumba cha giza, wakati utando mweupe wa uyoga unatambaa ndani ya mabua yaliyojazwa kwenye mifuko, kinataka nyuzi joto 24 hadi 28. Chumba cha mwanga, uyoga unapotoka, kinataka hewa ya baridi kidogo, kama 18 hadi 26 kutegemea aina ya mbegu, na unyevu wa asilimia 80 hadi 90. Moyo wa mfuko ukipita 35, utando unaanza kuumia. Ukikaa karibu na 40, unakufa.

Pima mahali penye mfuko, si mahali penye msumari

Wengi wananunua kipimajoto kizuri kisha wanakitundika pale palipo na msumari: mlangoni, au juu ya ukuta karibu na bati. Kinachosomwa hapo ni joto la mlango au la bati. Kiweke katikati ya rafu, usawa wa mifuko, mbali na ukuta. Vile vidogo vya kidijitali vinavyoonyesha joto na unyevu kwa pamoja vinatosha, lakini chagua kinachotunza kiwango cha juu na cha chini cha siku nzima. Kama hakitunzi, soma mara mbili: saa tisa alasiri na saa kumi na moja alfajiri. Kusoma saa mbili asubuhi ukiwa njiani kwenda kazini hakukuambii chochote, maana saa hiyo kila banda la Dodoma linaonekana zuri.

Ukipata kipimajoto chenye waya mrefu, chomeka ncha yake ndani ya mfuko mmoja. Utando ni kiumbe hai, unapumua na kutoa joto. Wiki ya pili, unapokuwa katika kasi yake, moyo wa mfuko unaweza kuwa juu ya hewa ya chumba kwa nyuzi 3 hadi 5, na zaidi kama mfuko ni mnene. Chumba kikionyesha 30, ndani ya mfuko huenda tayari ni 35.

Dalili: utando ulianza vizuri, kisha umesimama

Usihamishe kitu kwanza. Simama mlangoni uangalie ni mifuko ipi iliyosimama, kwa sababu mpangilio wake ndio unaomtaja mhalifu.

Ikiwa ni ya rafu ya juu peke yake, mshitakiwa ni bati. Ikiwa ni iliyoegemea ukuta wa magharibi, ni jua la alasiri: tofali la kuchoma linalikusanya joto hadi jua linapozama na kulitema usiku, kwa hiyo mifuko inaendelea kupikwa wewe ukiwa umelala. Ikiwa ni ya katikati ya rundo, na ya pembeni iko salama, mifuko inapikana yenyewe. Ikiwa ni ya chini karibu na mlango, na ni Juni au Julai, hiyo ni baridi. Na ikiwa imesimama yote kwa usawa, juu, chini, kushoto, kulia, basi acha kufikiria chumba. Rudi kwenye siku ya kupanda.

Kisha nusa na uangalie rangi. Mfuko uliosimamishwa na baridi bado una harufu ya uyoga, utando wake ni mweupe, na mpaka wake na mabua umekatika waziwazi. Huo haujafa. Upeleke mahali penye nyuzi 24 na baada ya siku chache utaona umesogea. Mfuko uliosimamishwa na joto unageuka manjano au kahawia, unatoa maji ya manjano yanayotuama chini, na harufu yake inakuwa ya chachu, kama togwa lililokaa. Ukiwa manjano kidogo tu, upoze na uupe nafasi. Ukishafika kwenye harufu ya chachu, usiupotezee muda.

Dawa ya bati ni dari. Bati tupu lililopigwa na jua la Novemba linawaka kuliko hewa ya nje, na joto hilo linaimiminikia rafu ya juu hata kama madirisha yako wazi. Vuta kamba chini ya kenchi, tandika mikeka au viroba vilivyofunguliwa, na juu yake weka viroba vyembamba vilivyojazwa pumba kavu za mpunga. Ukiwa na gari linalotoka Bahi msimu wa mavuno, pumba hizo si tatizo. Acha nafasi kati ya dari na bati, na matundu pande mbili ili hewa ya moto ya humo juu ipate njia ya kutoka. Kupaka bati chokaa nyeupe kwa nje nako kunasaidia, ila mvua za Desemba zitaiosha chokaa yote na itabidi upake upya.

Kwa ukuta wa magharibi, kivuli cha nje kinashinda chochote utakachofanya ndani. Neti ya kijani iliyosimamishwa hatua moja kutoka ukutani, au mzabibu ukiwa nao, huzuia jua kabla halijaingia kwenye tofali. Kumwagia ukuta maji saa kumi jioni kunapoza pia, lakini maji yenyewe unayajua yanavyopatikana.

Hapa niseme neno kuhusu tembe. Nyumba ya zamani ya Kigogo, yenye kuta nene za udongo na paa la udongo juu ya miti, inatuliza joto kuliko chumba chochote cha tofali na bati nilichowahi kuingia. Kama kwenu Chamwino au Mpwapwa kuna tembe lililobaki tupu, usilibomoe kujenga banda la kisasa. Lina upungufu wa aina mbili: giza, na vumbi linalodondoka kutoka kwenye paa likiwa limebeba ukungu. Lifunge turubai safi kwa ndani kama dari, paka kuta chokaa, toboa dirisha dogo upande wa kusini na jingine la kutolea hewa, weka neti ya wadudu. Kwa chumba cha giza, sioni kitakacholishinda.

Dalili: moyo wa mfuko umekuwa wa kahawia na unanuka, nje mweupe

Hili ni joto la ndani, na mara nyingi linaanzia kwenye mapishi. Pumba ya mahindi au ya mtama inaongeza chakula, na chakula kingi kinaleta joto jingi na kuvutia bakteria. Msimu wa joto punguza pumba, au iache kabisa kama mabua yako ni mazuri. Tumia mifuko myembamba ya kilo 2 badala ya minene ya kilo 4 au 5. Mnene hauna njia ya kutoa joto la katikati. Usiipange kama magunia ya mahindi ghalani. Acha upana wa kiganja kati ya mfuko na mfuko.

Angalia pia maji. Ukikamua mabua kwa nguvu mkononi yatoke matone machache tu. Yakitoka mchirizi, hewa haipiti, na mfuko unaoza badala ya kuota.

Juni na Julai kanuni inageuka. Sogeza mifuko ikaribiane, maana joto lile lile lililokuwa linaiua Novemba sasa ndilo jiko lako la bure.

Dalili: ukungu wa kijani

Wakati ndio unaotofautisha chanzo. Kijani kikitokea ndani ya siku chache, kikiwa kimetawanyika mfuko mzima kabla utando haujashika, kosa ni la kuchemsha au la mikono. Mabua yanatakiwa yakae nyuzi joto 60 hadi 80 kwa saa kadhaa, moyo wa rundo ukiwemo, si maji ya pembeni ya pipa tu. (Maji ya Dodoma yanachemka kwenye kama nyuzi 96 kwa sababu ya mwinuko, kwa mabua haina madhara yoyote, msikubali kutishwa.)

Kijani kikija baadaye, kwenye mfuko uliokwisha kuwa mweupe, tena upande uliopata joto, ukungu huo haukuushinda uyoga wenye nguvu. Joto liliudhoofisha, ukungu ukapita. Kuchemsha zaidi mara ijayo hakutakusaidia; shusha joto.

Mfuko wa kijani utolewe nje ukiwa umefungwa, uzikwe au uchomwe mbali na banda. Kuufungulia ndani ili "uone vizuri" ni kupanda ukungu kwenye mifuko yote iliyobaki. Kuna mwingine wa rangi ya chungwa, kama unga, unaopenda joto na kukua kwa kasi ya ajabu. Huo ufunike kwa kitambaa kilicholowa kabla hata hujauinua, vumbi lake lisiruke.

Dalili: mfuko mweupe kabisa, lakini hakuna kinachotoka

Watu wanapigiana simu sana kwa hili. "Shikamoo mama, mifuko yangu mizuri, myeupe pee, mwezi wa pili huu haitoi." Swali la kwanza la kumjibu ni: mbegu ya aina gani? Ndani ya jina moja la mamama kuna aina kadhaa. Wapo wa kijivu wanaotaka hewa ishuke chini ya nyuzi 20 kwa muda ndipo watoe, na wapo wanaotoa vizuri kwenye 25 na kuendelea. Ukipanda wa baridi mwezi Oktoba ndani ya chumba cha bati, utasubiri. Muulize muuzaji wa mbegu kabla ya kulipa, na kwa miezi ya Septemba hadi Novemba chukua wa joto.

Kama aina ni sahihi, uyoga unasubiri kuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Ishara zake ni baridi, hewa mpya na mwanga. Dodoma tunayo baridi ya bure kila usiku: fungua madirisha yenye neti kuanzia saa tatu usiku, funga saa moja asubuhi kabla jua halijapanda. Usiku usipotosha, zamisha mifuko kwenye pipa la maji ya baridi kwa usiku mmoja, ichuruzike, kisha irudishe. Mwanga uwe wa kutosha kusomea gazeti. Jua la moja kwa moja hapana.

Dalili: vichwa vidogo vinatoka, kisha vinakauka

Karibu kila mara watu husema ni joto. Karibu kila mara ni upepo. Vichwa vidogo vina ngozi nyepesi, na hewa ya Dodoma mwezi Agosti au Septemba, kavu na yenye upepo, inavinyonya maji kwa mchana mmoja. Soma kipimo cha unyevu saa tisa alasiri. Kikiwa chini ya asilimia 70, umeshapata jibu.

Hewa hiyo kavu inayokuulia vichwa ndiyo pia inayokupa ubaridi wa rahisi kuliko wote, na watu wa Pwani hawana bahati hiyo. Maji yanapogeuka mvuke yanachukua joto kutoka kwenye hewa, na kadiri hewa ilivyo kavu ndivyo yanavyochukua zaidi. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 30 inaweza, kwa nadharia, kupozwa na maji peke yake hadi karibu nyuzi 19. Bandani hutafika huko, lakini kushuka hadi 23 au 24 si ndoto. Tatizo la joto na tatizo la ukavu yanatibiwa kwa ndoo moja.

Tundika magunia ya katani kwenye madirisha ya upande unaotoka upepo, yakilowa muda wote. Juu yake laza bomba au dumu lenye matundu madogo, maji yadondoke taratibu, na chini weka karai la kuyadaka ili uyarudishe juu. Kwa anayejenga upya, ukuta wa mkaa unadumu zaidi: neti mbili za waya, mkaa katikati, maji yanadondoka kutoka juu. Upande wa pili wa chumba lazima pawe na tundu la kutolea hewa, la sivyo umetengeneza bafu. Sakafuni mwaga mchanga au changarawe na uilowanishe.

Feni bila gunia haipozi chochote, inakausha. Feni nyuma ya gunia lililolowa ni jambo jingine, kama umeme unao.

Mwagia sakafu, kuta na hewa. Usielekeze bomba la kunyunyizia kwenye vichwa vidogo. Vinalowa, vinageuka manjano, vinaoza. Na angalia maji yako. Visima vingi huku vina maji ya chumvi, ambayo yanaziba matundu ya bomba na kuacha ukoko mweupe kwenye gunia hadi linakataa kunyonya. Suuza gunia kila baada ya siku chache, na maji ya mvua ukiyavuna yaweke kwa ajili ya kunyunyizia. Siku za mgao, pipa la lita 200 lililojaa ndani ya banda lina kazi mbili: ni akiba, na pia ni tuliza-joto, kwa sababu maji mengi yanapata joto polepole mchana na kulirudisha polepole usiku. Mapipa mawili kwenye chumba kidogo yanaonekana kwenye kipimajoto.

Januari na Februari mbinu hii inalegea. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 70 haipozwi na maji chini ya karibu 24, na bandani hutafika hata hapo. Usijaze maji zaidi kwa hasira. Wakati wa mvua tegemea dari, kivuli na hewa ya usiku, na shukuru kwamba vichwa havikauki.

Dalili: shina refu, kofia ndogo

Umefunga kila kitu kutunza joto au ubaridi, na uyoga unakosa hewa. Fungua. Dakika 15 asubuhi na jioni ni kidogo sana kwa chumba kilichojaa. Acha matundu ya juu na chini yawe wazi wakati wote, yazibwe kwa neti tu.

Dalili: Juni imefika, kila kitu kinakwenda polepole

Utando unaweza kuchukua wiki 5 au 6 badala ya 3, na kofia zinakuwa nene na nzito. Ukiwa na subira, uyoga wa kipindi hicho ni mzuri kuuza. Usipokuwa nayo, funga madirisha saa kumi jioni wakati hewa bado ina joto, funika rafu kwa mablanketi ya zamani juu ya nailoni, na weka madumu ya maji ya moto katikati ya mifuko, yasiguse nailoni yake. Mawe yaliyoanikwa juani mchana na kuingizwa jioni yanafanya kazi hiyo hiyo kwa watu wasio na kuni za ziada.

Jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa, kamwe. Hewa yake ya sumu haina harufu, inaua mtu anayeingia kukagua alfajiri, na uyoga wenyewe unaharibika kwa kukosa hewa safi.

Dalili: mbegu haikuamka hata kidogo

Mabua yalikuwa ya moto ulipopanda. Nje ya rundo panapoa haraka, ndani panakaa na joto kwa saa nyingi; ingiza kipimajoto katikati na usiweke mbegu mpaka kisome chini ya 30. Au mbegu ilipikwa safarini: kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 450, na buti la basi la mchana ni tanuri. Agiza isafiri usiku, ifungwe kwenye magazeti ndani ya boksi, na ikifika iende kwenye friji, si juu ya kabati.

Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, fanya jaribio. Chemsha vipande vya boksi la karatasi, vikamue, viweke kwenye chupa safi ya mdomo mpana pamoja na kijiko kimoja cha mbegu iliyobaki, funika kwa kitambaa safi, na uiweke chini ya kitanda, mahali ambapo kwenye nyumba nyingi joto halibadiliki sana. Punje zikianza kuota manyoya meupe ndani ya siku 3 hadi 5, mbegu ni nzima na kosa liko bandani kwako. Zikikaa kimya wiki nzima, mpigie simu, na umtumie picha ya chupa.